Maziwa Yakigandia Tumboni

Maziwa anayonyonya mtoto mchanga hayakai majimaji kwa muda mrefu. Dakika chache baada ya kufika tumboni huanza kushikana, yakawa mabonge mepesi yanayoelea katika maji yaliyofifia rangi. Ndiyo maana mtoto akicheua nusu saa baada ya kunyonya, kinachobaki kwenye kitenge cha mama ni chembechembe nyeupe zenye harufu ya uchachu. Aliyejifungua kwa mara ya kwanza hushtuka, akadhani maziwa yake yameharibika. Bibi aliyelea watoto saba hufuta bega na kuendelea na mazungumzo, kwa kuwa alikwisha kujua zamani kwamba maziwa yanayorudi kama yalivyoingia ni yale ambayo hayakupata hata muda wa kufanyiwa kazi.

Kuganda huko ndiyo hatua ya kwanza ya kuyasaga. Maziwa yangebaki maji matupu yangeteremka kwa kasi kwenye utumbo mwembamba, na protini yake nyingi ingepita bila kukatwakatwa vya kutosha. Yakiganda hukaa, tumbo likayamega kidogo kidogo na kuyaachia kwa awamu. Mtoto hushiba kwa muda, hulala, kisha huamka akilia njaa bonge linapokwisha. Ugonjwa huanza pale tu bonge linapokataa kumegeka.

Katika sekta ya Rwezamenyo, wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali, si lazima kumsubiri mtoto acheue ili kuuona mgando kwa macho. Mitaa hii, pamoja na ya jirani zake Nyamirambo na Biryogo, imejaa baa za maziwa: vyumba vidogo vyenye meza chache, ambako mteja huagiza kikombe au jagi, na pembeni chapati, andazi au yai la kuchemsha. Chaguo kwa kawaida ni mawili. Inshyushyu ni maziwa ya moto. Ikivuguto ni yaliyogandishwa, yaani mtindi, mazito na yenye ukali unaoburudisha. Yote mawili hutoka kwa ng'ombe yuleyule, na tofauti yake ni kazi ya bakteria walioachwa wale sukari ya maziwa na kuigeuza asidi, siku moja au mbili. Zamani kazi hiyo ilifanyika katika vyombo vya mti na vibuyu, kwa kuyachanganya maziwa mapya na masalio ya mgando uliotangulia. Igisabo, kibuyu cha kusukia siagi, bado kinaonekana katika nyumba za vijijini. Tumboni mwa mtoto hutokea jambo la jamaa na hilo, ila kwa dakika badala ya siku, na bila kuwangoja bakteria.

Kinachoganda ni protini iitwayo kazeini. Katika maziwa mabichi kazeini imejikusanya katika vifungu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kimeshikizwa kwa madini ya kalisiamu na fosfeti, na juu yake kuna kitu mithili ya manyoya kinachovizuia vifungu visigusane. Manyoya hayo yakiwapo, maziwa ni maziwa. Yakiondoka, vifungu hugongana, hushikana, na kuvuta mafuta ndani ya wavu wao. Njia za kuyaondoa ni mbili. Ya kwanza ni asidi, na ndiyo inayofanya ikivuguto: uchachu ukifika kiwango cha pH 4.6 hivi, kazeini haiwezi tena kuelea. Ya pili ni kimeng'enya kinachoyanyoa manyoya kana kwamba kina wembe. Watengenezaji wa jibini wamekitumia kwa maelfu ya miaka wakikitoa katika tumbo la ndama, na mfugaji yeyote aliyepata kuchinja ndama anayenyonya ameliona bonge jeupe lililokaa humo.

Mtoto wa binadamu hana kimeng'enya kile cha ndama. Jeni yake imo mwilini mwetu lakini ilikwisha kufa kazi. Anatumia pepsini, ile ile itakayomsagia nyama ukubwani, pamoja na asidi. Naye huanza na asidi haba. Saa ya kuzaliwa tumbo lake limejaa maji ya uzazi aliyoyameza, na ukali wake huongezeka taratibu katika saa na siku zinazofuata. Maziwa yenyewe nayo huipooza asidi kila yanapoingia. Kwa hiyo mgando wa mtoto mchanga kwa kawaida ni mwepesi, hasa kama maziwa ni ya mama.

Hapa ndipo tofauti ya maziwa na maziwa inapokuwa kubwa. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina gramu 33 hivi za protini, na robo tatu na ushei, yaani karibu asilimia 80, ni kazeini. Lita ya maziwa ya mama ina takriban gramu 10 tu za protini, na kazeini haizidi sana asilimia 40. Katika siku za mwanzo, maziwa yakiwa bado ni dang'a, sehemu hiyo huwa ndogo zaidi. Ukipiga hesabu, kitu cha kugandisha katika maziwa ya ng'ombe ni zaidi ya mara sita ya kile kilichomo katika maziwa ya mama, na kalisiamu ya kukishikiza ni mara nne. Bonge la maziwa ya mama hubonyea kama uji wa kitoto. La maziwa mabichi ya ng'ombe hunyumbuka kama mpira.

Ng'ombe hakukosea. Ndama huongeza uzito wake wa kuzaliwa mara mbili kabla ya miezi miwili kwisha, anasimama siku ileile ya kuzaliwa, na tumbo lake limeumbwa kushika bonge gumu na kulimega kwa saa nyingi. Mtoto wa binadamu huhitaji karibu miezi mitano kufikia kipimo hicho cha kujiongeza maradufu. Maziwa ya kila mnyama yanafuata mwendo wa ukuaji wa mwanawe.

Watu walilijua tatizo la bonge gumu kabla ya kulijua jina la kazeini. Wayaya wa Ulaya waliyazimua maziwa ya ng'ombe kwa maji ya shayiri ili yagande kwa chembe ndogo. Marekani katika miaka ya 1920 na 1930 watafiti walibuni vipimo vya ugumu wa bonge, wakawa wanapima maziwa ya ng'ombe mmoja mmoja kutafuta yale yagandayo laini. Waligundua kwamba kuyachemsha kunasaidia: joto huzifungua protini nyingine za maziwa, nazo zikanata juu ya vifungu vya kazeini na kumzuia kinyozi asiyafikie manyoya vizuri. Kuyapitisha maziwa kwa nguvu kwenye matundu membamba ili mafuta yasambaratike kulisaidia pia. Daktari McKim Marriott wa St. Louis alikwenda njia nyingine: aliwalisha watoto wagonjwa maziwa yaliyokwisha kutiwa asidi na kugandishwa laini kabla ya kunywewa, kwa hoja kwamba mgando uliomalizika nje hauwezi kuleta matata ndani. Mkazi wa Rwezamenyo angeitazama chupa ya Marriott na kusema ni ikivuguto kilichovaa koti jeupe.

Bonge lisilomegeka lina jina lake katika udaktari: laktobezoa. Nusu ya kwanza ni maziwa. Nusu ya pili imesafiri mbali zaidi. Waajemi waliita pad-zahr, kinga ya sumu, vijiwe laini vilivyopatikana matumboni mwa mbuzi-mwitu, na Waarabu wakalichukua neno kwa matamshi yao. Vijiwe hivyo vilipita katika bandari za Bahari ya Hindi kwenda Ulaya, vikauzwa kwa bei ya vito, na wafalme waliviweka vikombeni wakiamini vitanyonya sumu iliyotiwa na maadui. Madaktari baadaye waliliazima jina hilo kwa bonge lolote linalojiunda tumboni na kushindwa kutoka, liwe la nywele, la nyuzi za matunda au la dawa. La maziwa ndilo la watoto. Kwa Kiswahili cha wodini inatosha kusema bonge la maziwa.

Laktobezoa ya kwanza kuandikwa katika majarida ya tiba ni ya mwaka 1959, pale Wolf na Bruce walipoeleza kisa cha mtoto mchanga aliyefunguliwa tumbo kwa upasuaji ili bonge litolewe. Mwaka 2012 Heinz-Erian na wenzake wa Innsbruck, Austria, walikusanya visa vyote vilivyowahi kuchapishwa tangu wakati huo, wakapata 96. Idadi hiyo isomwe kwa uangalifu. Ni ya walioandikwa. Bonge dogo huweza kuyeyuka lenyewe siku ambayo maziwa yalisitishwa kwa sababu nyingine, na hospitali yenye wauguzi wachache kuliko vitanda haina mtu wa kukaa chini na kuandikia jarida. Ukiiangalia orodha utadhani ugonjwa huu ni wa Marekani ya Kaskazini, kwa kuwa visa vingi vilichapishwa huko kati ya 1975 na 1985.

Kwa nini miaka hiyo? Kwa sababu ndipo watoto njiti walipoanza kupona kwa wingi. Mtoto wa kilo moja ambaye zamani angekufa sasa aliwekwa kwenye kitamia, akapitishiwa mpira mwembamba puani hadi tumboni, akalishwa. Madaktari walitaka akue haraka kama ambavyo angekua tumboni mwa mamaye, kwa hiyo viwanda vikatengeneza maziwa mazito zaidi: kalori 80 katika mililita 100 badala ya 67, kazeini nyingi, kalisiamu nyingi kwa ajili ya mifupa, na mafuta ya aina inayofyonzwa upesi. Kila nyongeza ilikuwa na sababu nzuri. Zikikutana zote katika tumbo lisilojua bado kusukuma, zilitoa kitu kama jibini.

Tumbo la njiti lina mawimbi dhaifu na hutoa chakula polepole. Asidi yake haba na vimeng'enya vyake vichache vinatosha kugandisha, lakini havitoshi kulisaga bonge lililokwisha kuwa gumu. Ute wa tumbo hulipaka na kulinatisha. Mtoto akiwa amepungukiwa maji, au akinyimwa maji kwa hofu ya mapafu yake, bonge hukauka zaidi. Kulishwa kwa mashine matone mfululizo bila kupumzika kumetajwa katika visa kadhaa, pengine kwa kuwa tumbo halipati nafasi ya kujikamua likabaki tupu. Dawa za kupunguza asidi zenye alumini zimetajwa pia. Viwanda vilipopunguza kazeini na kubadili mchanganyiko, visa vilipungua. Havikwisha: vimeonekana kwa watoto waliozaliwa kwa miezi yao kamili, na hata kwa wachache waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama tu.

Mgando haukai tumboni pekee. Mwaka 1969 Cook na Rickham, wapasuaji wa watoto wa Liverpool, waliandika juu ya watoto wachanga walioziba utumbo kwa mabonge ya maziwa yaliyokuwa yamekwisha kuteremka. Walikuwa watoto waliolishwa maziwa ya unga. Wakati huo maziwa ya kopo ya Uingereza yalikuwa karibu sana na maziwa ya ng'ombe yaliyokaushwa. Ugonjwa huo ulififia, halafu katika miaka ya karibuni ukaonekana tena kwa njiti wadogo kabisa, wanaopewa maziwa ya mama yaliyotiwa unga wa kuyaongeza nguvu.

Kisa kingine cha Uingereza hakihusu bonge moja kwa moja lakini kinaeleza chanzo chake kuliko maabara yoyote. Mwaka 1972 Taitz na Byers wa Sheffield walionyesha kuwa watoto waliokuwa wakiletwa hospitali wamekauka maji, na damu yao imezidi chumvi, walikuwa wamelishwa maziwa yaliyokorogwa mazito mno. Maelekezo ya kopo yalisema kijiko kilichosawazishwa. Akina mama walirundika, au walishindilia unga kwa kisu, au waliongeza kijiko kimoja cha mapenzi. Mtoto aliona kiu, akalia. Kilio kikasomwa kuwa njaa. Akapewa tena maziwa yaleyale mazito. Taarifa ya serikali ya mwaka 1974 iliwahimiza akina mama kunyonyesha, na katika miaka iliyofuata maziwa ya kopo ya nchi hiyo yalitengenezwa upya yakapunguzwa chumvi na protini.

Afrika Mashariki kosa la kawaida la kijiko ni la upande wa pili. Kopo ni ghali, hivyo la wiki moja hulazimishwa kufika wiki mbili, na mtoto hunyweshwa maji meupe asiyokua nayo. Lakini uzito nao upo, na huja kwa mlango wa uani: unga wa uji hutiwa katika chupa ya maziwa ili mtoto alale usiku kucha, au kijiko hurundikwa kwa mtoto aliyezaliwa mdogo ili afanane na wenzake. Huyu wa mwisho ndiye mwenye tumbo lisiloweza kabisa kuvumilia mrundiko huo.

Rwezamenyo, kama Rwanda yote, ina kinga moja kubwa ambayo haikununuliwa. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2019–20 ulikuta asilimia 81 ya watoto wa chini ya miezi sita wananyonya maziwa ya mama pekee. Miaka mitano kabla ilikuwa asilimia 87. Hizo ni miongoni mwa takwimu za juu duniani, ingawa mshuko wa baina yake si wa kupuuzwa. Utafiti huohuo ulikuta asilimia 93 ya wanawake wamejifungulia katika vituo vya afya, na huko ndiko wengi hufundishwa kumweka mtoto titini mapema ili apate dang'a, inayoitwa umuhondo kwa Kinyarwanda. Abajyanama b'ubuzima, ambao ni wahudumu wa afya waliochaguliwa na majirani zao, huwafuata nyumbani. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake, ananyonya titi tu, ana uwezekano mdogo kabisa wa kupata bonge linalohitaji daktari.

Hatari inabaki kwa njiti, na hata huko mambo yamebadilika. Huduma ya kangaroo, ya kumfunga mtoto kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa madaktari Edgar Rey na Héctor Martínez waliokuwa na uhaba wa vitamia. Rwanda iliipokea mwaka 2007 ikianza na hospitali ya Muhima, ambayo nayo imo wilayani Nyarugenge na huzalisha wanawake wengi wa jiji. Joto ndilo sifa yake inayojulikana, lakini kwa habari ya mgando faida yake ni nyingine: mtoto yuko jirani na titi, mama hutoa maziwa zaidi, na anayeshindwa kunyonya hukamuliwa maziwa na kulishwa kwa kikombe au kwa mpira. Njiti asiye na maziwa ya mamaye huweza kupewa ya mama mwingine pale penye utaratibu. Nairobi ilifungua benki ya maziwa ya mama katika hospitali ya uzazi ya Pumwani mwaka 2019, maziwa yakichangwa, kupimwa na kupashwa moto kabla ya kutolewa. Ikilinganishwa na kopo, hiyo ndiyo njia inayoacha bonge laini zaidi.

Halafu kuna ng'ombe. Nchi ambayo watu huombeana heri kwa kusema "gira inka," uwe na ng'ombe, na ambayo tangu mwaka 2006 serikali yake imegawa ng'ombe kwa familia maskini kwa mpango wa jina hilohilo la Girinka, haiwezi kuyatazama maziwa ya ng'ombe kama chakula cha kawaida tu. Kumnyima mtoto ni kama kumtenga. Hata hivyo kabla ya miezi sita hayamfai, na ugumu wa bonge ni sababu moja tu, wala si ya kwanza. Yana madini ya chuma machache mno. Mabichi huweza kuukwaruza utumbo ukavuja damu isiyoonekana. Protini na chumvi zake huzitwisha figo mzigo usio wa umri wake. Yasiyochemshwa huweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya homa ya kutupa mimba. Kuyachemsha huua vijidudu na kulainisha bonge, lakini hakuongezi chuma wala kupunguza chumvi. Ikivuguto kinaingia katika hukumu hiyohiyo: mgando wake umekwisha kuvunjika na tumbo hulikaribisha vizuri, ila maziwa yake ni yaleyale. Baada ya miezi sita mlango hufunguka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema mtoto wa miezi 6 hadi 11 asiyenyonya anaweza kupewa maziwa ya kopo au ya mnyama, pamoja na vyakula vingine. Kikombe cha kwanza cha inshyushyu, basi, kina wakati wake.

Kulitambua bonge la maziwa kunahitaji jicho la mtu anayemwona mtoto kila siku, kwa maana dalili zake ni za magonjwa mengi. Tumbo huvimba, hasa upande wa kushoto chini ya mbavu. Mtoto hutapika, si kucheua. Anayelishwa kwa mpira hubaki na maziwa tumboni: muuguzi akivuta kabla ya mlo unaofuata hukuta mlo uliopita bado upo, au havuti kitu kabisa kwa sababu mpira umezibwa na mgando. Pengine mkono wa daktari hugusa uvimbe unaosogea. Mtoto huacha kunyonya, hulegea, mkojo hupungua. Dalili huweza kuanza siku chache tu baada ya mtoto kuanzishiwa maziwa au kubadilishiwa.

Picha ya eksirei ya kawaida huonyesha tumbo lenye kitu kizito katikati na hewa ikikizunguka kama ukingo. Ultrasaundi huonyesha vizuri zaidi, haina mionzi, na huweza kufanyika kitandani: bonge huonekana jeupe, lenye vishimo vya hewa ndani yake, likibadili nafasi mtoto anapogeuzwa. Kipimo hicho ni muhimu kwa sababu jirani wa ugonjwa huu ni mbaya kuliko wenyewe. Njiti mwenye tumbo lililovimba anaweza kuwa na utumbo unaooza, na huyo haruhusu kusubiri. Mtoto wa wiki tatu hadi sita anayerusha matapishi mbali kila baada ya kunyonya, kisha akataka kunyonya tena, huenda msuli wa mlango wa chini wa tumbo umenenepa ukaziba. Hiyo hutibiwa kwa upasuaji mdogo. Matapishi ya kijani ni dharura ya saa ileile kwa mtoto wa umri wowote, kwa kuwa nyongo ikirudi maana yake njia imezibwa chini zaidi, na utumbo huenda umejisokota. Bonge la tumboni halitoi kijani.

Tiba yenyewe ni nyepesi kiasi cha kustaajabisha. Maziwa husimamishwa, mtoto akapewa maji na sukari kwa dripu. Kwa siku mbili hivi, mara nyingi, tumbo lililopumzishwa hulivunja bonge lenyewe. Lisipovunjika, daktari huliosha kwa maji ya chumvi kidogo kidogo kupitia mpira, akisukuma na kuvuta polepole. Dawa iitwayo asetilisisteini, inayojulikana zaidi kwa kulainisha makohozi, imetumika kwa mafanikio: huikata minyororo ya ute unaoliunganisha bonge, likaporomoka. Upasuaji wa aina walioueleza Wolf na Bruce sasa ni nadra, na hubakia kwa bonge lililogoma kabisa au tumbo lililotoboka. Kutoboka ndiko kunakoua, na hutokea zaidi pale ambapo mtoto aliendelea kulishwa huku tumbo likivimba.

Kinachokatazwa ni kumnywesha kitu cha kuliyeyusha bonge nyumbani. Maji ya mchele, maji ya magadi, mafuta ya kula na dawa za mitishamba za mchango wa watoto haziwezi kupenya bonge lililofunikwa ute, na zikirudi juu huweza kuingia mapafuni. Kumkanda tumbo lililovimba nako kuna hatari yake.

Picha ya pili ikionyesha tumbo limebaki tupu, maziwa hurudishwa kwa hesabu: mililita chache kwanza, kwa vipindi vyenye nafasi, kisha zaidi, muuguzi akipima kabla ya kila mlo kilichobaki cha mlo uliotangulia. Yakipatikana maziwa ya mama ndiyo huanzwa nayo. Kama ni ya kopo, huchaguliwa yenye kazeini ndogo na hukorogwa kwa kipimo kilichoandikwa, maji yakitangulia kupimwa kabla ya unga. Mtoto aliyetibiwa hivyo kwa kawaida hapatwi tena, na baada ya wiki chache huanza kucheua zile chembechembe nyeupe za kawaida begani kwa mama.